JE, KUHAMA BONDENI NI KUKIMBIA QADAR YA ALLAH?



Ndugu zangu katika imani, darsa la leo ni refu, na wale mliozoea kusoma mistari miwili na kuandika "Amiin" naomba mnivumilie. Nina deni la jibu, na jibu lenyewe haliingii katika mistari miwili.

Baada ya darsa la akina mama hapa Vingunguti, mama mmoja alibaki nyuma wenzake wakiondoka. Anakaa huku chini, upande wa Mto Msimbazi, na kila alfajiri anauza supu karibu na machinjio. Joto la kaskazi lilikuwa limetukaba siku ile, feni za msikiti zinazungusha hewa ya moto tu, na sote tunajua joto la namna hiyo linaleta nini nyuma yake. Akaniambia: "Ustadh, mwanangu mkubwa anataka tuhame kabla masika haijaanza. Shemeji yangu anasema huko ni kukosa tawakkul, kwamba maji kama yameandikiwa kunichukua yatanifuata hata nikapande milima ya Pugu. Nimsikilize nani?"

Sikumjibu palepale. Nilimwomba wiki moja. Hukmu yake naijua na si ngumu, lakini nilivyomtazama mama yule niliona swali lake lina swali jingine ndani yake ambalo sisi masheikh hatulisemi mimbarini: alifikaje bondeni? Nani alipanga huyu akae kwenye upepo na huyu akae kwenye maji?

Tuanzie Makkah. Nabii Ibrahim (A.S.) alipomwacha Bi Hajar na mwanawe Ismail, aliwaacha kwenye bonde lisiloota kitu. Hilo limo katika Surat Ibrahim na kila mtoto wa madrasa analijua. Tunachokipita haraka ni lile neno bonde. Makkah imezungukwa na milima ya mawe, na mvua ikinyesha huko juu maji yote hushuka katikati, palepale ilipo Al-Kaaba. Miezi mingi ni joto na vumbi, kisha siku moja mji unakuwa mto. Mtume (S.A.W.) alipokuwa na umri wa kama miaka 35, kabla ya kupewa utume, Maquraysh waliijenga upya Al-Kaaba baada ya kuta zake kulegea, na mafuriko ni miongoni mwa sababu wanazozitaja wanahistoria. Ndipo kilipotokea kile kisa cha Jiwe Jeusi na shuka.

Sasa sikilizeni hili. Mwaka wa 17 Hijria, Umar bin Al-Khattab (R.A.) akiwa khalifa, Makkah ilipigwa na mafuriko ambayo vitabu vya tarekh vinayaita mafuriko ya Umm Nahshal. Maji yaliingia Msikitini, yakaling'oa jiwe la Maqam Ibrahim mahali pake, likaja kuokotwa upande wa chini wa mji. Habari ikamfikia Umar akiwa Madina. Akafunga safari mwenyewe. Akauliza wanaojua kipimo cha pale lilipokuwa, akalirudisha. Kisha akajenga ukuta wa kuzuia maji upande wa juu, ili mvua nyingine isielekee tena Msikitini.

Umar hakusema kwamba hii ni nyumba ya Allah na mwenyewe atailinda. Maneno ya namna hiyo aliyasema Abdul Muttalib mbele ya Abraha, na aliyasema kwa kuwa hakuwa na jeshi la kupambana na tembo. Umar alikuwa na mawe na alikuwa na watu, kwa hiyo alijenga. Kama kuna mtu alikuwa na haki ya kutegemea kwamba maji hayatagusa nyumba yake, basi ni mtu anayelinda Al-Kaaba. Wala si sisi wenye chumba na ukumbi cha tofali za saruji.

Madina nayo haikuwa na hewa ya kupendeza Muhajirina walipofika. Bibi Aisha (R.A.) anasimulia kwamba ulikuwa mji wenye homa nyingi, na bonde la But-han lilikuwa likipitisha maji yaliyoharibika. Abu Bakr akaugua, Bilal akaugua, wakawa wanaikumbuka Makkah kwa majonzi. Mtume (S.A.W.) hakuwalaumu kwa udhaifu wa imani. Alimwomba Allah awapendezeshee Madina na auondoe ugonjwa ule. Ndugu yangu unayewacheka watu wa bondeni wakilalamika mbu, umewazidi imani Abu Bakr na Bilal?

Sasa hukmu. Umar alikuwa njiani kwenda Sham, akafika mahali panapoitwa Sargh, akaambiwa kuna tauni mbele. Akashauriana na watu, akaamua kurudi. Abu Ubayda bin Al-Jarrah (R.A.), mmoja wa wale kumi waliobashiriwa Pepo, akamuuliza kama anakimbia qadar ya Allah. Umar akamjibu kwamba ndiyo, anakimbia qadar ya Allah kuielekea qadar ya Allah. Akampigia mfano wa mtu mwenye ngamia aliyeshukia bonde lenye pande mbili, mmoja una majani na mwingine umekauka. Akichunga upande huu ni kwa qadar ya Allah, na akichunga upande ule ni kwa qadar ya Allah. Kisha akatokea Abdur-Rahman bin Awf (R.A.) na hadithi ya Mtume kuhusu tauni, ikaafikiana na uamuzi wa Umar. Tauni ile, inayoitwa ya Amwas, iliwachukua Abu Ubayda mwenyewe na Muadh bin Jabal, Allah awe radhi nao. Alipoachiwa uongozi Amr bin Al-As, aliwaambia watu wapande milimani watawanyike, na habari ilipomfikia Umar hakuikataza.

Basi shemeji wa yule mama amejibiwa na Umar miaka zaidi ya elfu moja mia tatu iliyopita. Kuhama ni qadar na kubaki ni qadar. Mama ahame akiweza.

Lakini akiweza! Hapo ndipo tunapotoka Sham tunarudi Dar es Salaam.

Kabla ya mji huu palikuwa na kijiji cha Mzizima. Wazee wanalitafsiri jina hilo kuwa mji wa afya, na Mswahili asilia ukimtajia kitenzi kuzizima anafikiria ubaridi na utulivu. Watu wa pwani walijua kuchagua pa kujenga: karibu na bahari upepo unapopita, maji ya kisima yawe matamu, minazi iwe na kivuli. Miaka ya 1860 Sayyid Majid bin Said wa Zanzibar akaupenda mlango ule wa bahari, akaanza kujenga na jina likawa Dar es Salaam. Alifariki mwaka 1870 kazi haijafika mbali.

Wajerumani waliufanya makao makuu mwaka 1891. Hao walikuja na hofu ya hewa. Joto, unyevu na homa ya malaria viliwaua, na hawakujua homa inatoka wapi. Ni mwaka 1897 tu ndipo Ronald Ross kule India alipoonyesha kwamba vijidudu vya malaria vinakua ndani ya mbu. Mwaka huohuo Robert Koch, daktari mashuhuri wa Kijerumani, alikuja Dar es Salaam kuichunguza homa hiyo. Elimu yao tunaishukuru. Tatizo ni walivyoitumia. Ilipojulikana kwamba hata watoto wa Kiafrika wanaocheza bila dalili yoyote wanaweza kuwa na vijidudu damuni, wapo waliotoka na hukumu kwamba Mzungu akae mbali na nyumba za Waafrika. Wangeweza kutoka na hukumu nyingine, kwamba mtoto yule atibiwe.

Tazameni hospitali mbili za wakati ule. Ya Wazungu ikajengwa Ocean Road, mbele ya bahari, upepo unaingia dirishani. Ya Waafrika na Wahindi ikajengwa ndani ya mji, tena kwa fedha za tajiri wa Kihindi wa Bagamoyo, Sewa Haji. Na joto la kaskazi likizidi, wakubwa wa serikali walikuwa wakipanda Usambara, Lushoto ya leo, ambayo wao waliiita Wilhelmstal.

Waingereza walipochukua nchi hawakulibomoa hilo, waliliandikia kanuni. Mwaka 1924 mji uligawanywa kanda tatu. Ya kwanza ya nyumba za namna ya Kizungu, mashariki kwenye upepo wa bahari. Ya pili ya biashara, ndiyo Uhindini. Ya tatu ya wenyeji, Kariakoo, jina ambalo lenyewe ni masalia ya wapagazi wa vita, Carrier Corps. Katikati ya Kariakoo na Uhindini pakaachwa uwanja wa Mnazi Mmoja. Leo tunafanyia pale maulidi na mikutano, lakini uliachwa wazi ili kututenganisha. Baadaye Oyster Bay ikafunguliwa juu ya jabali la matumbawe, mita chache kutoka baharini. Mwenye kutaka kujua upepo wa Dar es Salaam uligawiwa nani, apande daladala kutoka Vingunguti hadi Masaki saa nane mchana wa mwezi wa pili. Hahitaji kusoma kitabu.

Nyumba ya Kiswahili yenyewe ilikuwa na elimu yake ya joto. Mlango wa mbele, ukumbi mrefu katikati, mlango wa uani. Ukifungua yote miwili upepo unapita kama maji kwenye bomba. Vyumba huku na huku, baraza mbele ya kukaa jioni, paa la makuti lisilopitisha jua. Nimelala kwenye nyumba ya makuti nikiwa mtoto kwa bibi na sikumbuki kuhangaika na joto. Leo nyumba ileile ina familia sita, chumba kwa familia. Ukumbi umejaa majiko na ndoo. Uani kumejengwa vyumba vingine hadi ukutani kwa jirani. Paa ni bati bila dari. Bati halishiki moto upesi na halivuji upesi, sikatai, lakini saa sita ya usiku bado linatema jua la mchana. Ndiyo maana mwezi wa pili mnawaona akina baba wamelala nje juu ya mkeka, na watoto wanasinzia madrasa. Nimewahi kumchapa mtoto kwa kusinzia, Allah anisamehe. Baadaye nikaingia kwao nikaona anapolala.

Vingunguti kama tunavyoijua ilikua baada ya Uhuru. Viwanda vilikuwa kando ya Barabara ya Pugu, ambayo sasa ni Nyerere, na watu walitaka kulala karibu na kibarua. Mwaka 1967 jiji lote lilikuwa na watu kama 272,000. Sensa ya 2022 imehesabu mkoa wa Dar es Salaam watu zaidi ya milioni 5.3. Viwanja vilivyopimwa havikukimbia kwa kasi hiyo. Mtu akanunua kipande Kombo, mwingine Mtambani, mwingine akashuka, akashuka tena, hadi mtoni. Ramani ya mipango miji ya 1979 ilikwisha kulitaja bonde la Msimbazi kuwa ni la hatari. Watu wakaendelea kushuka, kwa sababu ramani haikuwaambia wapande wapi.

Na vyote ambavyo mji haukuvitaka karibu yake vilitufuata huku. Tuna mabwawa ya majitaka. Tuna machinjio, na hayo nayasema kwa heshima maana yanalisha nyumba nyingi. Tuliwahi kuwa na dampo pia. Wakazi wa Tabata walikuwa nalo kabla yetu, wakaenda mahakamani kulishitaki jiji, wakashinda. Katika miaka ya 1990 taka zikawa zinamwagwa Vingunguti, hadi zilipohamishiwa Mtoni na baadaye Pugu Kinyamwezi. Tabata walifanya jambo ambalo lina asili katika tarekh yetu. Al-Ahnaf bin Qays alikwenda kwa Umar na ujumbe wa Basra, mji uliokuwa mchanga bado, akaeleza bila kuficha kwamba ardhi yao ni chumvi na tope, kwamba mtu dhaifu anatembea masafa kufuata maji matamu, ilhali ndugu zao wa Kufa wamekaa penye mito. Umar hakumwambia asubiri malipo ya Akhera. Alimwandikia gavana wake, Abu Musa Al-Ash'ari (R.A.), awachimbie watu wa Basra mfereji.

Kisha ikaja Disemba 2011. Mliokuwepo mnakumbuka. Tarehe 20 mvua ilianza, na Mamlaka ya Hali ya Hewa ikasema haijapata kunyesha hivyo tangu 1954. Zaidi ya watu 40 walifariki katika jiji. Mto huu wa Msimbazi ambao kiangazi mtoto anauvuka bila kulowesha magoti ulibeba magodoro, mbuzi, makabati na watu. Nilimbeba mzee wa jirani mgongoni hadi barabarani, na alichokuwa anauliza njia nzima ni kadi yake ya pensheni. Wengi wa mabondeni walipelekwa Mabwepande, kule juu Kinondoni, wakapewa viwanja. Ardhi ya juu, kavu, haina mafuriko. Baada ya muda wapo waliorudi. Watu wakawasema: wabishi, wamezoea shida, hawajitaki.

Mimi nawauliza waliosema hivyo: muuza supu wa machinjio atafikaje Vingunguti alfajiri kutoka Mabwepande, kwa nauli ipi? Ukimpa mtu ardhi kavu ukamwondolea riziki, umembadilishia hatari moja kwa nyingine. Umar alipofikiria ngamia alifikiria majani. Serikali ina mradi mkubwa wa bonde la Msimbazi sasa, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na kuna watu wa kule chini Jangwani waliolipwa fidia wakaondoka. Nauombea kheri. Nawaomba wahusika wawahesabu na wapangaji, si wenye nyumba peke yao.

Na sasa niseme na sisi wenyewe, maana ni rahisi sana kuishia kwa Mjerumani.

Kwanza wewe unayetapisha choo mvua ikinyesha. Najua gari la majitaka haliingii kwenye vichochoro vyetu. Najua gharama. Lakini unapofungua choo chako usiku wa mvua kikaenda na maji, kinafika kwa jirani yako wa chini, kwenye ndoo yake na kwa mwanawe anayechezea mtaroni. Mwaka 2015 kipindupindu kiliingia jiji hili na kikazika watu. Mtume (S.A.W.) ametahadharisha juu ya mwenye kujisaidia penye maji ya watu, njiani na kivulini, kwamba anajivutia laana. Huyo ni mtu mmoja na haja yake moja. Wewe unafungua ya nyumba nzima, ya mwaka mzima.

Pili, wewe mwenye vyumba ukingoni. Unajua maji yalifika dirishani mwaka jana. Umepaka chokaa alama isionekane, umemwita dalali, umechukua kodi ya miezi sita kwa binti aliyetoka Singida juzi ambaye hajawahi kuuona Msimbazi umefura. Huku ni kuficha aibu ya bidhaa, na hukmu yake unaijua kama unavyoijua ya muuza maziwa anayetia maji. Mwambie ukweli kisha mpunguzie kodi, au kifunge chumba miezi ya masika.

Tatu, sisi wa msikitini. Usiku wa tope na mvua kubwa sharia imeruhusu watu waswali majumbani mwao, na muadhini ana maneno ya kuwatangazia. Tuitumie ruhusa hiyo. Msimlaumu mzee aliyekosa Isha kwa kuwa kichochoro kimejaa maji.

Mama yule alirudi baada ya wiki. Nilimweleza habari ya Umar na Sargh, akacheka, akasema shemeji atanuna. Kisha akaniambia kilichokuwa kinamzuia hasa. Chumba cha juu, karibu na barabara, amekiona, ila mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na yeye ana ya miezi miwili. Hakuwa na tatizo la tawakkul hata kidogo. Tumezungumza na mwenye nyumba akubali mitatu, mwezi mmoja unaopungua umetoka kwenye mfuko wa sadaka, na kutoka pale hadi machinjio anatembea kwa miguu. Anahama Jumapili.

Kuna wengine wanne waliokuja na swali la aina hiyo na mfuko umebaki mwepesi. Mwenye kuweza aonane na mweka hazina baada ya Magharibi.

Na Jumamosi hii, baada ya swala ya Alfajiri, tunazibua mfereji wa nyuma ya madrasa kabla mvua hazijaanza. Vijana njooni na machepe, akina mama tunawaomba viroba vitupu vya kutia mchanga. Mabuti tunayo jozi saba tu, kwa hiyo mwenye yake ayavae. Mwenye toroli aje nalo.

Wabillahi tawfiq.